Kununua Picha ya Kale na Kuujua Mkono Ulioichora

Picha ya kale ya rangi ya mafuta ni ubao au turubai iliyopakwa unga wa rangi uliokorogwa kwa mafuta ya kitani. Vitu hivyo vyenyewe havina bei ya kutisha. Kinacholipiwa ni jina la mtu aliyeshika brashi, na jina hilo haliko ndani ya rangi. Hata saini iliyo kwenye pembe ya chini ni rangi kama rangi nyingine, na yeyote mwenye mkono uliotulia anaweza kuiandika.

Mfano ulio wazi ni picha ya Kristo iitwayo Salvator Mundi, iliyochorwa juu ya ubao wa mti wa jozi. Mwaka 1958 iliuzwa mnadani London kwa pauni 45, na haikuuzwa kama kazi ya Leonardo da Vinci. Mwaka 2005 ilinunuliwa New Orleans, Marekani, kwa dola 1,175. Ikasafishwa, ikaondolewa rangi ambazo mafundi wa zamani walizipaka juu yake, ikakarabatiwa na kuchunguzwa, na mwaka 2011 ikatundikwa katika maonyesho ya National Gallery ya London kwa jina la Leonardo. Tarehe 15 Novemba 2017 ikauzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa dola milioni 450.3 pamoja na ada. Ubao ni uleule. Zaidi ya usafi, kilichoongezeka ni imani ya wataalamu, na hata imani hiyo haijawa ya wote: wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wasaidizi wa karakana yake.

Kwa hiyo anayenunua picha ya kale hununua ushahidi. Mashahidi wake ni watatu: nasaba ya picha, yaani habari za mikono iliyopitia tangu ilipotoka kwa mchoraji, jicho la mjuzi aliyekwisha kuona kazi nyingi za mchoraji huyo, na maabara. Watu wengi huiamini maabara kuliko wenzake. Nayo ina mpaka ambao mnunuzi anapaswa kuujua mapema: inaweza kuonyesha kwa uhakika kwamba picha ni bandia, lakini haiwezi kuonyesha kwa uhakika kwamba picha ni halisi. Rangi iliyotengenezwa miaka 100 baada ya kifo cha mchoraji humaliza kesi. Rangi ya zama zake huonyesha tu kwamba mtu fulani alitumia rangi ya zama hizo.

Kazi huanza kabla ya kuigusa picha, kwenye maneno ya katalogi. Nyumba kubwa za mnada zina ngazi ya maneno, na maana ya kila neno huandikwa kwenye kurasa za masharti ambazo wanunuzi wengi huzipita. Jina tupu la mchoraji, lisilotanguliwa na neno lolote, ndilo pekee linaloonyesha kwamba nyumba inaichukulia kazi kuwa yake. Likitanguliwa na maneno ya kudhania, nyumba yenyewe ina shaka. “Ya karakana yake” maana yake ilichorwa chini ya paa lake, huenda bila yeye kuigusa. “Ya mfuasi wake” humtaja mtu mwingine kabisa. “Kwa mtindo wake” ndiyo hatari zaidi, kwa sababu aliyeiga mtindo anaweza kuwa aliishi karne mbili baadaye, au yuko hai. Ipo pia tofauti ya neno moja kati ya picha “iliyotiwa saini” na picha “yenye saini”. Ya kwanza husema mchoraji aliandika jina lake; ya pili husema tu kwamba jina lipo.

Ngazi hiyo haikubuniwa na wanasheria peke yao. Wachoraji wakubwa wa Ulaya waliendesha karakana kama mafundi seremala wanavyoendesha zao: wanafunzi walisaga rangi, walinakili kazi za bwana wao, na kazi nzuri ya mwanafunzi iliweza kuuzwa kwa jina la karakana. Rembrandt alifundisha wachoraji kadhaa, miongoni mwao Ferdinand Bol na Govert Flinck, ambao katika miaka yao ya mwanzo walimwiga kiasi cha kuwachanganya wajuzi. Katalogi aliyoitoa mjuzi wa sanaa Abraham Bredius mwaka 1935 ilikuwa na picha zaidi ya 600 za Rembrandt. Mwaka 1968 wataalamu wa Uholanzi waliunda mradi wa kuzichunguza upya moja baada ya nyingine, na orodha ya mwisho ya mradi huo, iliyotolewa mwaka 2014, ilibaki na takriban 340. Nyingi za zilizoondolewa si za kughushi. Ni kazi za karne ya 17 zilizofanywa na mikono mingine bila nia ya kumlaghai mtu, na mnunuzi aliyelipia jina la Rembrandt alipoteza fedha bila kuwapo mhalifu wa kushtakiwa.

Mjuzi akiletewa picha huigeuza kwanza. Mbele ndiko mghushi alikotumia nguvu zake. Nyuma ndiko anakosahau. Turubai la karne ya 17 lilifumwa kwa mkono, na nyuzi zake hunenepa na kukonda bila mpangilio. Limewambwa juu ya fremu ya mbao, na pale lilipofunikwa na mbao hizo hubaki na rangi nyepesi kuliko sehemu iliyokaa wazi kwa hewa na vumbi. Mghushi anayepaka chai au kahawa ili kuzeesha kitambaa hupaka kote kwa usawa, na usawa huo ndio unaomsaliti. Misumari ya zamani ilifuliwa na mhunzi. Kutu yake huingia kwenye nyuzi na kuacha duara la kahawia kuzunguka kila tundu. Tundu lisilo na doa la kutu, au msumari uliozeeka ndani ya kitambaa kisafi, hutaka maelezo. Pini za stapla ni za karne ya 20. Kabari ndogo za kukazia turubai kwenye pembe za fremu zilianza kuenea katikati ya karne ya 18, hivyo picha ya mwaka 1650 yenye kabari imewambwa upya. Hilo peke yake si kosa. Turubai nyingi za umri huo zimekwisha kubandikwa juu ya turubai jipya kwa gundi au nta ili zisioze. Muuzaji mwaminifu hulitaja jambo hilo bila kuulizwa.

Ubao husema zaidi ya turubai. Wachoraji wa Uholanzi na Flanders walitumia mwaloni, mwingi ukiletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki, na kila mwaka wa uhai wa mti umeacha pete yake. Pete hizo zikipimwa upana wake na kulinganishwa na mfululizo unaojulikana, hupatikana mwaka ambao kabla yake mti ulikuwa haujakatwa. Mchoraji aliyefariki mwaka 1610 hawezi kuwa alichora juu ya mti uliokuwa bado msituni mwaka 1625. Hata bila vipimo hivyo, matundu ya wadudu wabunguao mbao hufaa kutazamwa kwa lenzi. Mdudu hutoboa akizungukazunguka. Tundu lililonyooka kama bomba limetobolewa kwa keekee. Ubao unaoonyesha vijia vya wadudu vilivyolala wazi kwa urefu juu ya uso wake ulipasuliwa baada ya wadudu kuula, maana mdudu hupita ndani ya mbao wala halambi juu. Mara nyingi huo ni ubao wa kabati la kale uliopewa kazi mpya.

Picha ikishageuzwa mbele, tochi ya kawaida ikilazwa karibu na uso wake huonyesha vilima vya rangi, mipasuko na viraka. Mipasuko ya kweli huanzia chini, kwenye tabaka la kwanza, na hufuata mwendo wa turubai na mbao zilizolishika. Mipasuko iliyokwaruzwa kwa sindano hukaa juu tu. Chini ya lenzi, chapa za karne ya 19 zilizobandikwa juu ya turubai na kupakwa vanishi hujitambulisha zenyewe, kwa sababu badala ya mapito ya brashi huonekana nukta. Taa ya urujuanimno, inayopatikana leo kwa bei ya simu ya kawaida au chini yake, huifanya vanishi ya kale ing'ae kwa ukungu wa kijani, na rangi zilizopakwa juu yake baadaye hubaki kama madoa meusi. Saini inayoonekana nyeusi juu ya ukungu huo imeandikwa juu ya vanishi, na mchoraji hatii saini baada ya vanishi kuzeeka.

Kisa cha Han van Meegeren kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake vipimo vingi vya wakati ule vilitimizwa na picha ikawa bandia vilevile. Alizaliwa Deventer, Uholanzi, mwaka 1889. Katika miaka ya 1930, akiishi Roquebrune kusini mwa Ufaransa, alijitafutia njia ya kutengeneza picha za Johannes Vermeer wa Delft, aliyefariki mwaka 1675 na kuacha kazi chache mno. Zinazokubaliwa leo hazifiki 40. Shida yake kubwa ilikuwa mafuta. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku chache, lakini huchukua miongo ya miaka kukakamaa hadi ndani. Wakaguzi waliisugua kwa pamba yenye spiriti: rangi changa huyeyuka na kuichafua pamba, rangi ya karne tatu haibanduki. Van Meegeren akachanganya unga wa rangi na viambato vya bakelaiti, plastiki iliyokuwa ikitumika wakati huo kutengenezea simu na swichi za umeme, kisha akaioka picha katika tanuri kwa joto lililozidi nyuzi 100. Rangi ikakakamaa, na spiriti ikashindwa.

Turubai lake lilikuwa la karne ya 17 kweli. Alinunua picha ya zama hizo isiyo na jina kubwa, akakwangua rangi na kuacha tabaka la chini pamoja na mipasuko yake. Baada ya kuoka aliiviringisha picha juu ya mche ili mipasuko ile ipande hadi kwenye rangi mpya, akaijaza wino ili ifanane na uchafu wa miaka. Nyeupe yake ilikuwa ya risasi. Buluu ilikuwa ya jiwe la lazuli, kama ya Vermeer mwenyewe. Hata brashi alizitengeneza kwa manyoya ya mnyama, kwa namna ya zamani.

Ustadi huo wote usingetosha kama hangesoma maandishi ya wataalamu. Wakati huo ilikwisha kukubaliwa kwamba picha ya Kristo nyumbani kwa Martha na Mariamu ni kazi ya ujana ya Vermeer, na baadhi ya wajuzi walitarajia kwamba ipo siku zingeibuka nyingine za dini zenye mguso wa Italia. Van Meegeren aliwachorea waliyokuwa wakiyasubiri: Kristo akiumega mkate Emau. Bredius, aliyekuwa na umri wa miaka 82 na heshima ya maisha mazima katika fani hiyo, aliiona mwaka 1937 na kuandika katika jarida la Burlington Magazine la Novemba mwaka huo kwamba ndiyo kazi kuu ya Vermeer. Makumbusho ya Boijmans mjini Rotterdam yakaipata kwa zaidi ya gilda 500,000. Hakuna aliyemhonga Bredius. Alikiona alichotamani kukiona, na hilo ndilo tundu ambalo jicho la mjuzi, hata liwe kali namna gani, haliwezi kuliziba lenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia picha nyingine ya mkono huohuo, ya Kristo na mwanamke aliyefumaniwa, ilifika kwa Hermann Göring, kiongozi wa Wanazi wa Ujerumani. Vita vilipokwisha, Mei 1945, Van Meegeren alikamatwa kwa kosa la kumuuzia adui hazina ya taifa, kosa lililoweza kumpeleka pabaya. Akakiri kwamba hazina hiyo aliichora yeye. Hakuaminika, na akapewa turubai na rangi ili achore nyingine mbele ya mashahidi; akachora Yesu akiwa kati ya walimu hekaluni. Jopo lililoongozwa na mkemia wa Ubelgiji, Paul Coremans, lilikuta bakelaiti ndani ya rangi, na katika picha ya Göring likakuta buluu ya kobalti, iliyobuniwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Novemba 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Hakukitumikia, alifariki tarehe 30 Desemba.

Waliobaki na shaka walijibiwa mwaka 1968 na risasi iliyokuwa ndani ya nyeupe. Madini ya risasi yana kiasi kidogo sana cha radiamu, ambayo huzaa isotopu ya risasi-210. Madini yakiyeyushwa, radiamu karibu yote hutoka na risasi-210 hubaki peke yake, ikipungua kwa nusu kila miaka 22. Baada ya karne mbili hivi ziada yake huwa imekwisha. Katika picha ya Emau ziada hiyo ilikuwepo tele. Risasi ile ilichimbwa na kuyeyushwa katika karne ya 20. Leo, nyuso za picha ile huonekana wazi kuwa za miaka ya 1930, zikiwa na macho mazito ya waigizaji wa sinema za siku hizo. Mwaka 1937 hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu kila mtu alikuwa akiishi ndani ya zama hizo.

Maabara za leo zina silaha nyingi zaidi. Eksirei hupita kwenye rangi nyingi na kuzuiwa na nyeupe ya risasi, hivyo huonyesha picha iliyozikwa chini ya picha. Infraredi hufichua michoro ya mkaa iliyotangulia rangi: mchoraji anayetunga husitasita, husogeza kidole, hubadili mkunjo wa nguo, anayenakili mara nyingi hafanyi hivyo. Lakini kazi ya kila siku ya maabara ni tarehe za rangi. Buluu ya Prusia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Buluu ya lazuli, iliyotoka kwenye migodi ya Badakhshan nchini Afghanistan na kuuzwa kwa bei ghali sana, ilipata mbadala wa kiwandani Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1820. Nyeupe ya titani iliingia kwenye maboksi ya wachoraji hasa katika miaka ya 1920. Njano ya risasi na bati ina habari ya pekee: iliachwa kutumika kufikia katikati ya karne ya 18, ikasahaulika kabisa, na ikatambuliwa tena mwaka 1941, hivyo mghushi aliyefanya kazi kabla ya mwaka huo hakuijua. Na kwa picha zinazodaiwa kuwa za kabla ya katikati ya karne ya 20 kuna kaboni-14 iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mimea iliyoota baada ya majaribio hayo inaibeba, na mafuta ya kitani hutokana na mmea.

Nyeupe ya titani ndiyo iliyomwangusha mghushi Wolfgang Beltracchi wa Ujerumani. Picha nyekundu yenye farasi, iliyodaiwa kuchorwa na Heinrich Campendonk mwaka 1914, iliuzwa Cologne mwaka 2006 kwa euro milioni 2.88. Beltracchi alinunua tyubu ya nyeupe ya zinki, na ndani yake mtengenezaji alikuwa ameongeza titani kidogo bila kuitaja. Mwaka 2011 mahakama ya Cologne ilimhukumu kifungo cha miaka sita.

Lakini lililowapumbaza wanunuzi wake miaka yote hiyo ni nasaba. Kilitungwa kisa cha mkusanyiko wa babu wa mkewe, ulionunuliwa kwa muuza picha Alfred Flechtheim kabla ya Hitler kushika madaraka. Nyuma ya fremu zikabandikwa lebo zenye jina la Flechtheim. Mkewe alivaa nguo za kizamani, akakaa mezani huku picha zikiwa zimetundikwa nyuma yake, akapigwa picha kwa kamera ya zamani, na hiyo ikaonyeshwa kama picha ya bibi yake. Hakuna maabara iliyohitajika kuuvunja uongo huo. Ilitosha kuuliza ni mnada gani, gazeti gani au barua gani ya miaka ya 1920 iliyoutaja mkusanyiko huo. Uingereza John Drewe alikwenda mbali zaidi. John Myatt alimchorea picha takriban 200, na Drewe akapenyeza hati za kughushi kwenye hifadhi za nyaraka za taasisi zenye heshima, ili mtafiti atakayekwenda kuthibitisha azikute zikimsubiri. Alifungwa mwaka 1999. Jumba la sanaa la Knoedler la New York, lililofunguliwa mwaka 1846, lilifungwa mwaka 2011 baada ya kuuza makumi ya picha zilizoletwa na dalali mmoja aliyesema ni za mteja asiyetaka kutajwa. Mmoja wa waliodaiwa kuzichora ni Jackson Pollock, na kwenye picha moja jina lake liliandikwa kwa kukosa herufi.

Nasaba nzuri ni mnyororo: mtu, mahali, mwaka, hati. Pengo la miaka 50 katika picha ya mwaka 1640 si ajabu. Picha zilikaa ukutani, wenye nyumba wakafa, warithi wakagawana. Mnyororo usio na pengo hata moja kwa karne nne unahitaji kukaguliwa zaidi, hasa pale ambapo hati zote zimetoka kwa muuzaji mmoja. Pengo la kati ya mwaka 1933 na 1945 katika Ulaya lina uzito wa namna yake. Wayahudi waliporwa picha au kulazimishwa kuziuza kwa bei ya kutupa, na mwaka 1998 mataifa 44 yalikubaliana mjini Washington juu ya kanuni za kuzitafuta na kuwatendea haki warithi. Picha inaweza kuwa halisi kabisa na bado isiwe ya anayeiuza. Orodha ya vitu vya sanaa vilivyopotea au kuibwa ya Art Loss Register, London, hupekuliwa kwa malipo. Interpol ina hazina ya kumbukumbu ya vitu vya sanaa zaidi ya 50,000 vilivyoibwa, na tangu mwaka 2021 mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta bure kwa programu ya ID-Art. Hakuna sababu ya mnunuzi kuacha kufanya hivyo.

Halafu kuna mkataba. Picha ya mwanamume iliyodaiwa kuwa ya Frans Hals, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, iliwahi kutangazwa na Ufaransa kuwa hazina ya taifa mwaka 2008, na makumbusho ya Louvre yakatafuta fedha za kuinunua bila mafanikio. Sotheby's, nyumba ya mnada, waliiuza kwa makubaliano ya faragha mwaka 2011 kwa takriban dola milioni 10. Miaka mitano baadaye wachunguzi walikuta ndani yake rangi za karne ya 20. Mnunuzi alirudishiwa fedha zake zote kwa kuwa mkataba wake ulisema hivyo, na Sotheby's wakawashtaki walioileta iuzwe. Nyumba kubwa za mnada kwa kawaida hudhamini jina la mchoraji kwa miaka mitano, lakini dhamana huishia pale penye maneno ya shaka katika katalogi, na aghalabu haimlindi mnunuzi ikiwa maoni ya wataalamu wakati wa mauzo yalikubali jina hilo. Juu ya bei ya nyundo huongezwa ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hukaribia robo ya bei. Ripoti ya hali ya picha huombwa kabla ya mnada, kwa maandishi. Anayekataa picha isitolewe kwenye fremu wala kugeuzwa anauza mbuzi kwenye gunia, na mnunuzi anapaswa kuondoka.

Haya yote yana nafasi yake Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na kuuza kazi zake Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa. Alichora kwa takriban miaka minne, mara nyingi juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, kwa rangi za kung'aa za madukani zilizotumika kupakia baiskeli na nyumba. Wanafunzi wake, wakiwemo January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, waliendeleza mtindo huo, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Matokeo yake mtu anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba ana “Tingatinga”, na picha ikawa imechorwa mwezi uliopita. Zipo pia zilizoandikwa jina lake na mikono isiyokuwa yake.

Kwa kazi zake maabara haina msaada mkubwa kama ilio nao kwa Vermeer. Hadibodi ya mwaka 1970 haitofautiani sana na ya mwaka 1980, na nyeupe ya titani, inayomhukumu mghushi wa Campendonk, ilikuwa ndani ya kila kopo la rangi nyeupe mjini. Jicho husaidia: mnyama mmoja aliyejaza ubao, uwanja wa rangi moja au mbili nyuma yake, mstari usiositasita. Hata hivyo wanafunzi waliokaa naye bega kwa bega waliujua mstari huo. Anayebaki kubeba mzigo ni shahidi wa kwanza, nasaba, na hapa mnyororo wake ni mfupi wa kuweza kuandikwa wote: nani alinunua, kwa nani, mwaka gani.

Aliye na ubao wa miaka hiyo nyumbani asiupake rangi upya wala kuusugua kwa sabuni. Aupige picha mbele na nyuma, pamoja na kila alama ya penseli na kila lebo. Aandike ulinunuliwa wapi, na nani, kwa shilingi ngapi, na nani alikuwepo, kisha atie saini na tarehe na kuihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba. Walionunua mbao hizo mkononi mwa Tingatinga sasa ni wazee sana. Waulizwe mwaka huu.